Bagamoyo si ya kwenda na kurudi

Jumatano usiku, chumbani

Najua nimepotea. BTP ilinimaliza, na niliporudi chuo nikakuta asaimenti mbili zimenikalia mlangoni kama wadai. Walioniulizia kama nimedisko nawashukuru kwa upendo wao, sijadisko, nipo, nakula wali maharage kafeteria kama kawaida.

Leo nina neno moja kuhusu safari ya Bagamoyo. Tuko watu tisa na tumepanga kwenda wikiendi ijayo. Tatizo ni kwamba sita kati yetu wanataka kwenda Jumamosi asubuhi na kurudi Jumamosi jioni. Hoja yao kubwa, na nainukuu kama ilivyosemwa pale nje ya maktaba juzi, ni hii: "Bagamoyo yenyewe hiyo hapo, kilometa sabini, kuna nini cha kulala huko?" Mimi na wenzangu wawili tunasema siku mbili, tulale. Nilijaribu kujieleza nikazidiwa kelele, si mnajua mimi mdomo wangu mzito mbele ya watu. Kwa hiyo naandika, na hapa hakuna wa kunikatiza.

Naanza na kosa langu mwenyewe ili msije mkasema najifanya mjuaji.

Mwaka wa kwanza nilishaenda Bagamoyo, na wengine kati yenu tulikuwa wote. Tulikodi Coaster. Safari ilikuwa saa moja asubuhi, tukaondoka saa nne na nusu kwa sababu kuna watu walikuwa bado wanapiga pasi. Tukafika jua la utosi. Mwongozaji akatutembeza haraka haraka, nusu saa tu, huku nusu ya kundi linauliza bichi iko wapi. Tukapiga picha. Tukaenda bichi. Muziki, mishikaki, watu wakacheza mpira, saa kumi na moja dereva akaanza kupiga honi. Nilirudi na picha sitini na nne kwenye simu na mchanga kwenye viatu. Sikatai, ilikuwa raha. Ila ukiniuliza siku ile nilijifunza nini, jibu ni hakuna.

Basi bwana, mwaka huu nikapangiwa BTP mkoa wa Tabora. Nikapanda treni ya zamani, ile ya reli ya kati, nikafika nimevimba miguu. Nikapewa Historia kidato cha pili. Mada ikafika ya biashara ya masafa marefu, na mimi nikasema hapa ndipo pangu, maana nina picha! Nikachapisha picha moja kubwa kwa hela yangu, ile niliyosimama mbele ya Boma la Mjerumani nimeweka mkono kiunoni. Nikaibandika ubaoni. Nikawaambia watoto: hili ndilo jengo ambalo Wajerumani walitumia kuitawala nchi Bagamoyo ilipokuwa mji mkuu. Halafu nikawaambia jina Bagamoyo linatokana na watumwa waliofika pwani wakabwaga mioyo yao, kwa sababu hawatarudi kwao tena. Darasa kimya kabisa. Nikajisikia mwalimu kwelikweli.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, babu yangu anasema babu yake alikuwa anabeba pembe kwenda pwani. Alienda mara tatu na akarudi mara tatu, akaja na vitambaa, akaoa. Sasa mtumwa anarudije?"

Jamani. Nilifanya kile ambacho sisi wote tumefundishwa tusifanye. Nikasema, "Swali zuri sana, tutalirudia kipindi kijacho." Kipindi kijacho nikaingia na mada nyingine. Kila nikigeuka ubaoni najua yule mtoto ananiangalia. BTP ikaisha, nikapata alama zangu nzuri tu, na swali lake sikulijibu.

Niliporudi huku ndio nikaingia maktaba kulitafutia jibu. Kumbe yule mtoto alikuwa na hoja kuliko mwalimu wake. Msafara wa pembe ulibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, na wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wanaolipwa. Kuna kitabu kizima cha Stephen Rockel juu yao, kilitoka 2006. Mtu anatoka Unyamwezi na mzigo wa kilo thelathini hivi, anatembea kilometa zaidi ya 800, miezi miwili au mitatu, anafika Bagamoyo, anashusha. Halafu anasubiri msafara wa kurudi akiwa na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Mwishoni mwa karne ya 19 waliopita pale kila mwaka ni makumi ya maelfu. Sasa mtu kama huyo akifika mwisho wa njia anabwaga nini? Mzigo! Anapumzisha moyo. Wanahistoria wengi walioliandikia jambo hili miaka ya karibuni wanaegemea huko, kwamba jina ni la wapagazi waliofika salama, na kwamba ile maana ya kilio cha watumwa ndiyo iliyokuja kupata umaarufu baadaye.

Naomba nisieleweke vibaya. Watumwa walipita Bagamoyo, hilo halina mjadala, na wapo waliobebeshwa mizigo wakiwa watumwa. Wamisionari Wakatoliki waliofika pale mwaka 1868 walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu. Ninachokataa ni kuupa mji mzima hadithi moja ya machozi, halafu kwenda kuimeza katika nusu saa na kuja kuwatapikia watoto wa watu. Babu wa yule binti hayumo kwenye hadithi hiyo. Nilimfuta mbele ya mjukuu wake.

Na ile picha yangu nayo ni aibu ya pili. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kuanzia 1888, kampuni yao ilipochukua usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, mpaka 1891 makao yalipohamia Dar es Salaam. Boma lile kubwa lililokamilika 1897 ni la baadaye! Yaani nimesimama mkono kiunoni mbele ya jengo lililojengwa mji ukiwa umeshavuliwa cheo, nikawaambia watoto arobaini na tano kwamba ndilo lililotawala nchi. Nyumba iliyotumika wakati ule inaitwa Liku House. Nadhani mwaka ule tuliipita na hakuna aliyegeuza shingo, kwa sababu si kubwa ya kupendeza kwenye picha.

Hapo ndipo nikaanza kujiuliza hata hili neno "mji mkuu wa zamani" tunalolitumia kunogesha tangazo la safari kwenye group. Miaka mitatu tu! Na miaka yenyewe ilikuwa ya vita. Abushiri bin Salim na watu wa pwani walisimama 1888, Wissmann akaja na jeshi, Mei 1889 akaivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na Desemba mwaka huo huo Abushiri akanyongwa Pangani. (Desemba hiyo hiyo, Bagamoyo, Emin Pasha alifika na Stanley kutoka bara, wakamfanyia karamu, akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Umetembea bara zima umepona, unaangushwa na karamu. Samahani, nimetoka nje ya mada.) Kabla ya hapo mji ulikuwa na Washomvi na majumbe wao, Wazaramo, Waarabu, Wahindi, na hao wapagazi waliokuwa wanaujaza na kuumwaga kila msimu. Ukubwa wa Bagamoyo ulitoka kwao, Mjerumani aliukuta.

Na kwa nini waliuhama? Bahari. Pale maji ni mafupi, meli kubwa inatia nanga mbali, watu na mizigo wanaletwa kwa mashua. Dar ina bandari ya kina. Halafu reli ikaanzia Dar 1905, ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, na mzigo uliokuwa unachukua miezi mitatu kichwani ukaanza kuchukua siku chache. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu maktaba mpaka dada wa mezani akanikazia macho. Mimi nilienda Tabora kwa hiyo hiyo reli! Reli iliyoimaliza Bagamoyo ndiyo iliyonipeleka kwa watoto wa wapagazi nikawafundishe juu ya Bagamoyo, na nikawafundisha vibaya.

Ndiyo maana nasema tulale. Mpango wangu huu hapa, msome ndipo mbishe.

Jumamosi tuwe Mwenge saa kumi na mbili asubuhi, si saa moja. Tupande magari ya kawaida ya Bagamoyo, yale yanayopita Tegeta, Bunju na Mapinga. Habari ya Coaster ya kukodi tuiache, maana ukikodi gari wewe ndiye unakuwa mtumwa wa dereva. Tukifika tuweke mabegi gesti, tunywe chai, na tuanzie Caravan Serai. Nasisitiza tuanzie pale, kwa sababu wapagazi walikuwa wanaingia mjini kutokea bara, si kutokea bichi. Mwaka ule tulianzia ufukweni kama watalii walioshuka kwenye meli, tukauona mji kwa nyuma. Kutoka pale tushuke kwa miguu, pole pole, kupitia mji mkongwe, milango ya nakshi, nyumba zilizobaki kuta tupu na mti umeota sebuleni, Ngome Kongwe, Liku House, Boma (ndiyo, mtapiga picha, ila mtaandika mwaka sahihi), mpaka tukutane na bahari na soko la samaki. Safari ile ya mita chache za mwisho ndiyo naitaka. Mtu aliyetembea miezi mitatu na jino la tembo begani alikuwa anaziona zile mita vipi? Siwezi kumweleza mtoto kama sijazitembea mwenyewe nikiwa nimechoka kidogo.

Tule samaki pale pale sokoni. Jioni ni yenu, bichi, mpira, muziki, mimi mwenyewe nitakuwepo, msinione mzee.

Jumapili tuamke mapema twende Kaole kabla jua halijawa kali. Ni kilometa tano hivi kusini mwa mji, bajaji mbili tatu zinatutosha. Kule kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi, mengine yana nguzo ndefu za mawe, na msikiti wa zamani zaidi unarudishwa mpaka karne ya 13. Yaani miaka mia sita kabla ya Mjerumani watu wanaswali pale, wanafanya biashara na ng'ambo. Sasa hivi mbele yake ni mikoko, bahari ilijaa mchanga bandari ikafa. Kwa hiyo Kaole ilikufa kwa sababu ya bahari, Bagamoyo ikachukua nafasi, nayo Bagamoyo ikashindwa kwa sababu ya bahari na reli, Dar ikachukua. Mtu wa Jiografia aliye kwenye kundi letu (anajijua, ni mmoja wa wale sita) hapo ana somo zima la vipindi viwili. Anataka kulikosa kwa ajili ya kuwahi kurudi kuangalia mechi.

Baada ya Kaole turudi mjini, tupande Misheni mchana, ibada zikiwa zimekwisha. Kuna ile njia ya miembe, kuna mbuyu uliomeza mnyororo, kuna makumbusho ndani ya jengo la zamani la masista, na mnara wa kanisa ambako mwili wa Livingstone uliwekwa Februari 1874. Hapo nina ombi moja. Mwongozaji akisema Livingstone, ulizeni Chuma na Susi. Livingstone alifia kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873, na wao na wenzao waliubeba mwili wake miezi mingi, zaidi ya kilometa 1,500, mpaka kwenye mlango ule. Nao ni watu wa kubeba. Bagamoyo yote, ukiitazama vizuri, ni habari ya watu waliobeba vitu, na majina yaliyoandikwa kwenye vibao mengi ni ya waliobebwa au waliobebewa.

Saa kumi tunageuza. Saa moja usiku mko chumbani mnakopi asaimenti.

Najua sasa mtakuja na hoja ya hela, na hiyo siipuuzi, kwa sababu bumu halijaingia na mimi mwenyewe naishi kwa kukopa vocha. Nimepiga hesabu na mwenzangu wa chumbani, tukiwa wawili wawili kwenye chumba cha gesti ya kawaida, nauli ya daladala, bajaji, chakula cha kawaida na viingilio vya raia, elfu hamsini kwa kichwa inatosha na chenji ya soda inabaki. Coaster ya mwaka ule tulitoa elfu thelathini kila mmoja kwa gari peke yake, kabla hujala hata andazi! Njooni na vitambulisho, kiingilio cha raia na cha mgeni havifanani hata kidogo. Na mtu asiyekuwa na hiyo hamsini asijitoe kimyakimya kama alivyofanya mwenzetu mmoja safari iliyopita, tukaja kujua baadaye. Aniambie mimi, sio kwenye group, tutachanga. Kulala Bagamoyo hakutakuwa na maana yoyote kama tunamwacha mtu hosteli kwa ajili ya elfu ishirini.

Mtaniambia pia kwamba mimi ndiye mwenye deni na yule binti, ninyi hamna. Haya. Ila mwakani, Mungu akipenda, sisi tisa tutakuwa kwenye shule tisa. Hesabuni wenyewe, madarasa matatu matatu, watoto arobaini arobaini. Kila mmoja wetu atasimama siku moja aseme neno "Bagamoyo" mbele ya watoto, hata wa Kiswahili, hata wa Jiografia. Na dawati la nyuma kuna mtu ana babu.

Mwalimu aliyenisimamia kule Tabora tumebaki tunawasiliana, mtu poa sana. Nimemwomba akubali nimtumie barua ya kuwasomea kidato cha pili wale, pamoja na picha mbili, moja ya Liku House na moja ya Boma lenye mwaka wake sahihi. Amekubali, ila ameniambia nifanye haraka kabla hawajaanza mitihani. Barua nimeshaianza mara tatu nikachana. Kila nikifika kwenye sentensi ya "nilikosea" naiandika vizuri tu, ninaposhindwa ni pale pa kueleza alichokiona yule babu alipofika mwisho wa njia, sina cha kuandika, nina picha sitini na nne za sisi wenyewe.

Kwa hiyo kura ni kesho saa kumi jioni, pale pale nje ya maktaba. Wale sita, nawapenda, ila njooni na hoja, msije na kelele. Mkishinda nitakwenda na ninyi Jumamosi na nitabaki peke yangu mpaka Jumapili, nimeshaongea na gesti. Mwenye kofia pana ya ziada anikumbuke, yangu niliiacha Tabora.